Maji Yanayotoka kwa Jirani

Dominika ya 23 ya Mwaka A
Masomo: Eze 33:7-9, Zab 95, Rum 13:8-10, Mt 18:15-20



Zaburi ya Dominika hii yatutajia majina mawili ya mahali jangwani, Meriba na Masa. Mkifungua kitabu cha Kutoka, sura ya 17, mtaona majina hayo yalitoka wapi. Watu walikuwa na kiu, wakamgombeza Musa kwa ajili ya maji, naye akapaita mahali pale Meriba, maana yake ugomvi. Basi tangu zamani za kale maji na ugomvi vimetembea pamoja. Waisraeli waligombana kwa sababu maji hayakuwapo. Sisi tunaoishi mijini, katika magorofa na katika nyumba za wapangaji wengi, twagombana mara nyingi kwa sababu maji yapo, ila yamekuja mahali pasipo pake: yamepenya darini, yameteremka ukutani, au yamefurika uani kutoka chemba iliyoziba.

Huenda mtu akasema: Padre, jambo hilo ni la fundi bomba, si la mahubiri. Lakini waulizeni makatekista wetu wa mijini. Watawaeleza habari za Wakristu walioacha kusali na jumuiya yao kwa sababu zamu ya wiki ile ni nyumbani kwa jirani wasiyesemezana naye. Nawe ukichimba kutafuta chanzo cha utengano ule, hukuti imani tofauti wala kosa kubwa la kutisha. Wakuta mfereji.

Tuchukue mfano. Katika jengo la ghorofa tatu, mama mmoja wa ghorofa ya chini aona doa darini, juu ya kitanda cha watoto. Baada ya wiki moja doa limepanuka, rangi imeanza kubanduka, na matone yaanguka usiku. Mama huyu hamwambii mwenzake wa juu. Amwambia jirani wa mkono wa kulia, kisha muuza genge, kisha wanawake wenzake penye bomba la maji. Neno lapanda ngazi polepole, na linapofika juu si neno la doa tena. Limekuwa neno la uchafu, la dharau, la makabila, na la watu wanaojiona. Yule wa juu naye, badala ya kushuka kutazama, ajibu kwa fagio: asubuhi asukuma maji ya kupigia deki yamwagike penye mlango wa yule wa chini. Watoto wakatazwa kucheza pamoja. Na Jumapili wote wawili wasimama katika kanisa moja, kila mmoja akimpa amani mtu wa benchi lake, akijihadhari asigeuke nyuma.

Mwenye hekima wa kitabu cha Mithali, katika sura ya 17, aufananisha mwanzo wa ugomvi na kutoboa ukingo wa maji, naye ashauri mtu aache kabla mambo hayajafurika. Wazee wetu nao walilijua hilo waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mfano wetu ufa ulikuwa sakafuni, lakini ukuta umejengwa mioyoni.

Ndugu wapendwa, masomo ya leo yanatupa njia ya kufuata, na njia hiyo ina hatua.

Somo la kwanza lamweka nabii Ezekieli kuwa mlinzi. Mlinzi aonaye hatari akanyamaza hana udhuru mbele ya Mungu. Wengi wetu twadhani kunyamaza ndiko kudumisha amani. Twasema: mimi sipendi makuu, namwachia Mungu. Lakini yule mama wa chini hakumwachia Mungu. Aliwaachia majirani wote isipokuwa mmoja tu aliyehusika. Kunyamaza kwa namna hiyo si uvumilivu. Tena maji hayasubiri. Unyevu ukikaa muda mrefu katika zege hufikia nondo, nondo hushika kutu na kuvimba, zege hupasuka na kubanduka. Na maji machafu hayaharibu rangi tu. Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam kikaenea mikoa mingine. Na ugonjwa huo hupita katika maji na chakula kilichoguswa na kinyesi cha mgonjwa. Basi anayeona chemba imefurika uani, mahali watoto wanapocheza, akapita akiziba pua, ni mlinzi aliyelala. Vivyo hivyo yule anayengoja mvua kubwa ndipo atapishe choo chake mtaroni, akijua kwamba maji yataupeleka uchafu ule mlangoni pa walio bondeni: huyo si tu mlinzi aliyelala, bali amefungua lango kwa adui.

Katika Injili Bwana wetu atufundisha tufanyeje. Ndugu yako akikukosea, hatua ya kwanza ni kwenda wewe mwenyewe kwake, mzungumze wawili tu. Tazameni jinsi agizo hili lilivyo gumu. Bwana hasemi aliyekosa ndiye aje. Anayetumwa ni yule aliyekosewa, yule ambaye dari lake linavuja. Naye atumwa peke yake, bila mashahidi wa kumpigia makofi, ili mwenzake apate nafasi ya kukiri bila kuaibishwa mbele ya watu.

Lakini kabla hujapanda ngazi, hakikisha unajua unalokwenda kulisema. Kumshitaki mtu kwa jambo asilolitenda ni dhuluma, hata kama machozi yako ni ya kweli. Mafundi wanatuambia kwamba maji yakishapenya sakafu huweza kusafiri juu ya zege, yakifuata mteremko, yakadondoka mbali na yalipoingilia. Doa lililo chini ya bafu la mtu si ushahidi kamili kwamba bafu lile ndilo linalovuja. Basi chunguza kwa utulivu. Matone yakidondoka usiku na mchana, hata wakati hakuna anayetumia maji, yaelekea ni bomba lile linaloleta maji safi, ambalo daima lina msukumo. Yakidondoka tu baada ya mtu kuoga au kufua, yaelekea ni bomba la kutolea maji au viungo vya sakafu ya bafu. Yakionekana wakati wa mvua peke yake, tazama paa, ukuta wa nje, na gata za kupokelea maji ya mvua. Nawe ukiisha kuelewana na mwenzako, mwaweza kumimina katika bafu maji yenye bluu kidogo ya kufulia, mkangoja kuona kama rangi ile itashuka chini. Jambo hilo dogo huwapatanisha watu, kwa kuwa hulifanya wote wawili, na jibu linatoka kwenye maji, halitoki kinywani mwa adui.

Kisha angalia saa na maneno yako. Usipande usiku wa manane ukiwa na hasira, wala asubuhi mwenzako akikimbilia kazini. Bisha hodi, salimia, uliza hali ya watoto. Sema: Dada, naomba ushuke nami mara moja unisaidie kutazama kitu. Mtu aliyealikwa kutazama ana nafasi ya kuwa msaidizi. Mtu aliyetupiwa lawama mlangoni hana la kufanya ila kujitetea.

Tunao mfano mzuri katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 21. Watumishi wa mfalme Abimeleki walimnyang'anya Abrahamu kisima. Abrahamu hakunung'unika hemani mwake. Alimlalamikia Abimeleki mwenyewe, uso kwa uso. Naye Abimeleki akajibu kwamba hakujua ni nani aliyefanya hivyo, wala hakupata kuambiwa, na kwamba ndiyo kwanza alisikie siku ile. Ni mara ngapi jirani yetu wa juu angetoa jibu hilohilo kwa ukweli! Sakafu yake ni kavu, bafu lake linameremeta, hajui kwamba chini ya miguu yake watoto wa mwenzake wanalala na beseni kitandani. Ndipo Abrahamu na Abimeleki wakafanya agano, na Abrahamu akatenga kondoo saba kuwa ushahidi kwamba kisima kile alikichimba yeye. Jambo likaisha kwa maneno yaliyo wazi na kwa alama ambayo kila mtu aliiona. Nasi tukipatana, tusiishie katika kupeana mikono tu. Tuseme wazi: nani atamwita fundi, siku gani, gharama italipwaje. Tuandike hata katika karatasi ya daftari. Mapatano yasiyo na siku wala kiasi huwa mbegu ya ugomvi mpya.

Na kama hakusikia? Bwana asema tumchukue mtu mmoja au wawili pamoja nasi. Angalieni, si jeshi la wapambe. Ni watu wenye busara wanaoaminiwa na pande zote mbili: mzee wa jengo, mjumbe, mwenye nyumba ikiwa wote ni wapangaji, na fundi asiyekuwa ndugu wa yeyote. Hasa tumkumbuke mwenye nyumba. Mara nyingi wapangaji wawili maskini hutoana macho kwa ajili ya bomba ambalo si mali ya yeyote kati yao, huku mwenye wajibu wa kulitengeneza akipokea kodi yake kwa amani.

Tena kuna mabomba ambayo ni ya wote. Lile bomba kubwa linaloshuka kutoka ghorofa ya juu hadi chini hupokea maji ya kila jiko na kila choo. Huyu amemwaga mafuta ya kukaangia, yule ametupa kitambaa, wa tatu maganda na mchanga wa kusugulia sufuria. Bomba likiziba chini, maji hurudi na kufurika kwa mtu wa ghorofa ya chini, ambaye pengine hakutupa kitu chochote. Hapo tukitafuta mkosaji mmoja hatumpati. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inatambua kwamba katika jengo la namna hiyo kuna sehemu ya mtu binafsi na kuna sehemu inayomilikiwa kwa pamoja, nayo inaagiza wenye sehemu hizo wawe na chama chao cha kuisimamia. Serikali imetambua kwa sheria jambo ambalo Mkristu angepaswa kulijua kwa moyo: kilicho cha wote hakikosi mwenyewe, bali kina wenyewe wengi.

Hatua ya tatu ni kuliambia Kanisa. Maaskofu wetu wa AMECEA walipokazia, katika mwaka 1976, ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristu, walitaka Kanisa liwe mahali ambapo watu wanafahamiana kwa majina na kwa shida zao. Jumuiya isiyoweza kuwakutanisha majirani wawili wenye ugomvi wa mfereji itawezaje kusema kwamba inaishi Injili? Viongozi wa jumuiya, nanyi makatekista, msiogope kazi hiyo. Lakini nendeni kama wapatanishi, msiende kama mahakimu. Sikilizeni pande zote mbili, tena kaone wenyewe mahali maji yanapopita kabla hamjafungua kinywa.

Na ikiwa jirani yako si wa dini yako? Katika majengo yetu Mkristu na Mwislamu wanatumia ngazi moja na bomba moja, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Hapo hatua ya tatu yaweza kuwa kwa wazee wa jengo na mwenyekiti wa mtaa. Ikishindikana, sheria za nchi zina njia zake. Katika mashauri ya ardhi, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata limeachiwa kazi ya kusuluhisha, halitoi tena hukumu. Ndipo shauri lisilosuluhishika liendelee mbele. Kwenda mbele ya vyombo hivyo si dhambi. Mtume Paulo aliwalaumu Wakorintho kwa kuwa ndugu walikimbilia kushitakiana, lakini yeye mwenyewe, alipodhulumiwa, alikata rufani kwa Kaisari. Dhambi ni kwenda kortini kwa kiu ya kumkomoa mwenzako, hali ngazi ishirini za kwenda kubisha hodi kwake hukuzipanda hata siku moja.

Bwana amalizia kwamba asiyesikia hata Kanisa awe kwetu kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru. Wengi wanalishika neno hili kwa furaha, kana kwamba wamepewa kibali cha kuchukia. Lakini tujiulize, Bwana mwenyewe aliwatendeaje watoza ushuru? Alikula nao. Na aliyetuandikia Injili hii, kama mapokeo yanavyotufundisha, ni Mathayo, aliyeitwa akiwa ameketi forodhani akitoza ushuru. Basi jirani aliyekataa kusikia hajatoka katika upendo wako. Waweza kufuata haki yako kwa njia za halali, na bado mtoto wake akiugua usiku ukampelekea taa na kumtafutia gari.

Sasa niseme na wewe uliye juu, wewe ambaye maji yanatoka kwako. Usiridhike kusema: nisamehe, haikuwa nia yangu. Msamaha haukaushi dari. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, ilimtaka mtu aliyechimba shimo na kuliacha wazi amlipe mwenye mnyama aliyetumbukia humo, ingawa hakumsukuma. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, humwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kwenye dari lake, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Oneni jinsi Mungu anavyojali kazi ya mwashi! Kwake yeye sakafu, ukingo na shimo ni mambo ya dhamiri. Warumi wa kale nao, katika sheria zao za Mbao Kumi na Mbili, zaidi ya miaka 400 kabla ya Kristu, tayari walikuwa na kanuni juu ya maji ya mvua yanayomdhuru jirani. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inatufundisha chini ya amri ya saba kwamba haki inadai kurudisha na kufidia. Kwa hiyo tengeneza bomba kwanza, kisha msaidie mwenzako kupaka dari lake rangi. Huo ndio utubu wenye mikono.

Lakini itakuwaje kama huyo wa juu ni mjane anayeuza vitumbua, naye hana fedha za fundi? Hapa ndipo haki peke yake inapochoka, na somo la pili linatushika mkono. Mtume Paulo awaambia Warumi kwamba deni lisilokwisha ni deni la kupendana, na kwamba upendo haumtendei jirani ubaya. Yule wa chini anayo haki. Hakuna awezaye kuikana. Lakini aweza kuitumia haki hiyo kama fimbo, au aweza kusema: Mama, nunua bomba, mimi nitamlipa fundi, nawe utanirudishia kidogo kidogo. Au jumuiya yaweza kuchanga. Atakayefanya hivyo hatapoteza kitu. Dari lake litakauka mapema kuliko dari la yule anayengoja hukumu.

Isaka, mwana wa Abrahamu, alipogombaniwa visima huko Gerari, kisima cha kwanza alikiita Eseki, ugomvi. Cha pili Sitna, uadui. Kila mara alihama akachimba kingine, mpaka akapata kile ambacho hakuna aliyekigombania, akakiita Rehobothi, yaani nafasi pana. Sisi wa magorofani hatuwezi kuhama kama Isaka. Ukuta wangu ni ukuta wako, sakafu yangu ni dari lako. Kwa sababu hiyo nafasi pana hatutaipata mahali pengine. Twapaswa kuichimba papo hapo, kati ya mlango na mlango.

Ndugu wapendwa, Bwana ameahidi katika Injili hii kwamba wakikusanyika wawili au watatu kwa jina lake, yeye yupo kati yao. Tumezoea kulitumia neno hilo kwa ajili ya sala, nalo ni kweli. Lakini Bwana alilisema mara tu baada ya kufundisha jinsi ya kumwendea ndugu aliyekosa. Basi wawili hao waweza kuwa ni wewe na jirani yako, mmesimama bafuni na taa ya mkononi, mkitafuta maji yanapitia wapi. Hata hapo Bwana yupo.

Kabla ya kupokea Komunyo Dominika ijayo, kila mmoja wetu ajiulize: kuna mlango gani katika jengo langu ambao naupita bila kusalimu? Usingoje masika yaanze. Panda ngazi leo jioni, au shuka, ubishe hodi.

Na awabariki Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.